Dakika 35 za Daftari, Saa 15 za Mtoto: Uchambuzi wa Kisa cha Homa kwa Mtoto Anayetibiwa Kansa ya Damu

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa, Tanzania Bara. Jina la mtoto si lake, mahali pameondolewa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyaacha. Mama yake nilimsomea kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akasahihisha saa mbili nilizokuwa nimekosea, kisha akasema niandike. Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani ya watoto, na siku ile nilikuwa zamu.

Usuli

Tumwite Amani. Umri wake miaka mitano, uzito kilo 16, kitinda mimba kati ya watoto watatu. Aligundulika na kansa ya damu, ile lukemia ya ghafla inayowapata watoto zaidi kuliko watu wazima, baada ya miezi miwili ya kuongezewa damu na kutibiwa malaria iliyokuwa haiishi. Awamu ya kwanza ya kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, alilala wodini wiki tano. Uboho ulisafika vizuri, akaingia awamu ya pili, ambayo mtoto huja kuwekewa dawa, hurudi nyumbani siku kadhaa, kisha huitwa tena. Nyumbani kwao ni saa nne na ushee kwa basi.

Kemo haichagui. Inaua chembe za kansa pamoja na chembe changa za uboho, na kati ya siku ya saba na ya 14 baada ya dawa, neutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazokimbilia bakteria kwanza, hushuka chini kabisa. Zikiwa chini ya 500 kwa maikrolita, mtoto yuko wazi. Kuna jambo ambalo hata watumishi wa afya hulisahau: usaha umetengenezwa na chembe hizo hizo. Mtoto asiye na neutrofili kidonda chake hakitungi usaha, koo halioti utando mweupe, na nimonia yake inaweza isionekane vizuri kwenye eksirei. Kila ishara tuliyofundishwa kuitafuta inakosa kitu cha kuitengeneza. Mara nyingi inabaki homa peke yake.

Kabla ya kumruhusu tulimfundisha mama kwa dakika 40 hivi. Karatasi tuliyompa ninayo hapa mezani, ina mistari 12. Kunawa mikono, kuchemsha maji, kumenya matunda, kuku wasilale ndani, asipelekwe kwenye msiba wala harusi, wageni wenye mafua wasimkaribie, asichomwe sindano ya msuli, asipewe chanjo yoyote bila kutuuliza, na kadhalika. Mstari wa 12, wa mwisho kabisa, unasema: "Akipata homa mleteni hospitali haraka." Basi. Haraka kiasi gani, usiku wafanye nini, wapite wapi, waseme nini getini, hakuna.

Mama Amani aliishika karatasi ile kama amri. Alitengeneza kibuyu chirizi nje ya choo na kingine karibu na jiko. Alinunua kipimajoto. Kuku walihamishiwa kwa shemeji yake. Kaka na dada yake Amani walikwenda kliniki kukamilisha chanjo ya surua, kwa sababu mtoto mwenyewe haruhusiwi chanjo hai wakati wa kemo, kwa hiyo wanaochanjwa ni wanaoishi naye. Septrini, dawa ya kumkinga na nimonia, alimpa siku tatu kila wiki bila kuruka. Nasema haya mapema kwa sababu kisa cha namna hii kikisimuliwa, msikilizaji huanza kumtafuta mama mzembe. Hapa hayupo.

Yaliyotokea, saa kwa saa

Ilikuwa siku ya kumi tangu dozi ya mwisho ya kemo. Wiki mbili na nusu kabla ya hapo, Amani alikuwa ametibiwa malaria wodini kwetu, ikaisha. Hilo liwekwe akilini, litarudi.

Jioni hakula. Saa 3 usiku mama alimpima, nyuzi 38.6. Alipiga namba iliyoandikwa kwenye kadi, mara tatu, simu haipatikani. Ile ilikuwa simu ya wodi, na usiku ule, kama usiku mwingi, ilikuwa imezima chaji droo ya ofisi. Bibi yake Amani naye akaja juu: "Mtoto anaungua nyie mnamwangalia tu?" Mama akampa parasetamoli. Mume alikuwa safarini, hivyo mama akachukua bodaboda na mtoto mpaka kituo cha afya.

Saa 4:15 usiku alimkuta tabibu mmoja, peke yake, ana mjamzito anayejifungua chumba cha pili. Mama alieleza kwamba mtoto ana kansa ya damu. Tabibu alimpima kipimo cha haraka cha malaria, kikasoma chanya. Joto kwa wakati huo lilikuwa limeshuka hadi 37.4 kwa sababu ya parasetamoli, na Amani aliomba maji akanywa. Tabibu akaandika dawa ya mseto na sindano ya msuli ya kushusha homa. Sindano mama aliikataa: "Tumekatazwa sindano ya tako." Tabibu hakukasirika, akaiacha. Akasema warudi baada ya siku tatu kama hajapona.

Saa 10 alfajiri mama aliamka akakuta mikono ya mtoto ni baridi na anaongea maneno yasiyoeleweka. Alitapika mara mbili. Basi la kwanza huondoka saa 12 asubuhi. Hakuna gari lingine kabla ya hapo, na kukodi ni fedha ambayo hakuwa nayo.

Saa 4:20 asubuhi walifika getini kwetu. Mlinzi aliwaelekeza masjala kama wagonjwa wengine. Dirishani kulikuwa na foleni, faili halikuonekana upesi, na kadi ya bima ilikataa kusoma. Mama alisubiri benchi, mtoto mgongoni, amemfunika kanga. Kwa mpita njia alikuwa mtoto aliyelala.

Saa 5:35 waliingia wodini. Mimi ndiye niliyewapokea. Joto 36.1. Mapigo ya moyo 172 kwa dakika. Nilipobonyeza kidole chake, rangi ilichukua sekunde tano kurudi. Presha ilikuwa chini, sukari 2.4. Huu ulikuwa mshtuko wa maambukizi ya damu, yaani damu haizunguki tena ipasavyo, na homa ilikuwa imeshaondoka, kwa kuwa mwili ulikuwa hauna tena nguvu ya kuitengeneza.

Na nikasema kitu. Nilisema, "Mama Amani, ulikuwa wapi tangu jana?"

Saa 6:10 mchana antibayotiki ya kwanza iliingia mshipani. Kwenye daftari la wodi kuna safu ya "muda wa dozi ya kwanza", na lengo letu, kama ilivyo kwa wodi nyingi za saratani duniani, ni ndani ya dakika 60. Nikajaza: 35. Tulikuwa tumefaulu.

Maamuzi na sababu zake

Sukari ilikuwa ya kwanza, glukosi ya asilimia kumi mshipani, kwa sababu ubongo haungoji. Oksijeni ikawekwa wakati huo huo. Damu ya kuotesha vimelea ilichukuliwa kwenye kanula mpya, kile kimrija cha mshipani, kabla ya antibiotiki, lakini daktari alisema waziwazi kwamba kama mshipa wa pili usingepatikana ndani ya dakika chache, dawa ingeingia bila kuotesha. Nakubaliana naye. Kipimo cha kuotesha kinasaidia kesho, na mtoto yule alihitaji kuifikia kesho kwanza.

Maji ya mshipani yalizua mjadala pembeni ya kitanda. Daktari kijana aliyetoka masomoni alitaka mililita 20 kwa kilo zitiririke haraka. Bingwa wetu alikataa, akaagiza mililita 10 kwa kilo, yaani 160, ziende taratibu, na damu iombwe mara moja. Sababu yake ni utafiti uliofanywa huku huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa; waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakumiminiwa. Utafiti ule ulihusu watoto wa homa kali kwa jumla, si wa kemo, lakini hospitali isiyo na mashine ya kupumulia kwa kila anayehitaji haina ujasiri wa kuupuuza. Himoglobini ya Amani ilikuja 6.1, hivyo damu ilikuwa na kazi mbili. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 14,000, chache mno. Hapo ndipo nilipolikumbuka tako alilolikatalia mama. Sindano ya msuli kwa mtoto mwenye chembe sahani hizo ni uvimbe wa damu, na uvimbe wa damu kwa mtoto asiye na neutrofili ni jipu. Neutrofili zilikuwa 80.

Uamuzi mgumu ulikuwa antibayotiki ipi. Tulianza seftriaksoni pamoja na amikasini. Meropenemu ilikuwepo famasia, dozi za siku mbili tu, na desturi yetu ni kuiweka akiba kwa ajili ya kimelea kilichothibitishwa kuwa sugu. Jumatano ikapita. Alhamisi jioni, saa 30 baadaye, maabara walipiga simu: kuna bakteria wa umbo la fimbo wasioshika rangi ya Gram. Mtoto alikuwa bado na homa, presha inayumba. Bingwa akabadilisha kwenda meropenemu bila kusubiri majibu ya usugu, na mfamasia akaazima dozi zaidi hospitali jirani. Ijumaa majibu yalikuja: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni, inasikia amikasini na meropenemu.

Darubini haikuona vijidudu vya malaria hata kimoja.

Matokeo

Homa ilikata siku ya nne. Siku ya saba Amani aliomba chipsi, akakaripiwa na mama yake kwa sauti ambayo wodi nzima ilicheka. Alitoka siku ya 12. Kemo yake ilichelewa wiki tatu, gharama ambayo haionekani kwenye faili lakini kwa kansa ya damu si ndogo. Hakupoteza kiungo wala usikivu, ingawa amikasini ingeweza kumgusa masikio, ndiyo maana alipimwa baadaye.

Uchambuzi: kipimo cha malaria kilichosema kweli na kupotosha

Naanza na kituo cha afya, kwa sababu ndipo wenzangu walipopakimbilia kulaumu. Tabibu yule alifanya alichofundishwa: homa, pima malaria, chanya, tibu. Kipimo cha haraka tunachotumia sana kinatafuta protini inayoachwa na kimelea, wala si kimelea chenyewe. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Amani alikuwa ametibiwa wiki mbili na nusu kabla. Kile kimstari cha pili kilikuwa cha malaria iliyokwisha.

Hata hivyo tuseme angekuwa na malaria mpya. Bado lisingebadilika lolote. Mtoto wa kemo mwenye homa anapewa antibayotiki hata kama sababu nyingine imeonekana mezani, kwa kuwa mambo mawili yanaweza kuwamo ndani ya mtoto mmoja na lile lisiloonekana ndilo linaloua kwa haraka zaidi. Hili tabibu hakulijua, na aliyepaswa kumwambia ni sisi. Mama alikwenda kule na karatasi iliyoandikwa mambo ya kuku na matunda. Hakukuwa na neno moja lililoelekezwa kwa mtumishi wa afya atakayempokea usiku.

Na parasetamoli nayo. Ilimfanya mtoto aonekane nafuu mbele ya mtu aliyekuwa na dakika tano za kuamua. Hatujawahi kuwaambia wazazi wasiitumie, tulidhani inajulikana. Siku hizi tunasema hivi: pima kwanza, andika namba na saa, piga simu, ndipo umpe kitu. Namba ikiandikwa haishuki.

Uchambuzi: kimelea kilitoka wapi

Swali hili lilikaa vibaya kwenye kikao cha wodi cha kujadili kisa hiki. Karatasi yetu ya mistari 12 inasimulia hadithi kwamba hatari iko nje: kwenye maji, mikono ya wageni, vumbi, banda la kuku. Kwa sehemu ni kweli. Lakini bakteria wengi wanaoingia kwenye damu ya mtoto wa kemo ni wa kwake mwenyewe, wanaoishi utumboni mwake. Kemo huchubua utando wa utumbo kama inavyochubua mdomo, na Amani alikuwa na vidonda vya mdomo wiki ile. Mlango ulifunguka ndani.

Sasa, mtoto wa kijijini wa miaka mitano alipataje Klebsiella sugu kwa seftriaksoni? Inawezekana aliipata kokote, usugu umeshatoka hospitalini kwenda mitaani. Ila alikuwa amelala kwetu wiki tano. Tulipofungua daftari la maabara tukamwona mtoto mwingine, vitanda viwili kutoka kwa Amani, mwezi ule ule, kimelea kile kile chenye usugu ule ule.

Tulipita wodini asubuhi moja na kalamu, bila kumtangazia mtu. Sinki la kunawia liko mwisho wa chumba, hatua 20 kutoka kitanda cha mwisho. Dawa ya mikono yenye spiriti ilikuwa chupa mbili kwa vitanda 22, moja imekauka. Kwenye toroli ya dawa ilisimama chupa ya maji ya chumvi ya mililita 500, sindano imechomekwa kwenye mfuniko wake tangu alfajiri, na kila muuguzi akivuta mililita tano za kusafishia kanula ya mtoto wake. Watoto 22, chupa moja, sindano ile ile inayokaa pale. Nilikuwa nimeitumia mwenyewe zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Vichupa vidogo vya mililita 10 vilikuwa vimekwisha bohari, na kazi lazima iende, hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilivyoendelea hata vilipopatikana.

Hatukuweza kuthibitisha kwamba chupa ile ndiyo iliyompa Amani kimelea. Tulipoipeleka maabara ile ya siku ya ukaguzi haikuota kitu. Lakini hakuna hata mmoja kwenye kikao aliyetaka kuitetea, na hilo lenyewe lilikuwa jibu la aina fulani. Mama alikuwa akichemsha maji ya kunywa dakika kumi kila siku, na sisi tulikuwa tukimwingizia mwanawe maji ya chupa ya pamoja moja kwa moja kwenye mshipa.

Uchambuzi: saa inaanza wapi

Turudi kwenye 35. Ukihesabu kutoka getini, ilikuwa saa moja na dakika 50. Ukihesabu kutoka ile 38.6 ya saa 3 usiku, ni saa 15 na dakika 10. Zigawe: saa tisa nyumbani na kituoni wakisubiri basi, saa nne na dakika 20 barabarani, saa moja na robo kati ya geti, masjala na benchi, na dakika 35 zetu. Sehemu tuliyokuwa tukiipima, kuiwekea lengo na kujipongeza kila robo mwaka ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote.

Baada ya kikao nilikwenda kuongea na mlinzi wa zamu ile, mzee mtaratibu. Akaniambia, "Sista, sisi tunajua dharura ni ajali, mjamzito na anayedegedeka. Hatukujua kuna mgonjwa wa dharura anayebebwa mgongoni amenyamaza." Hakuna mtu aliyewahi kumwalika kwenye mafunzo yetu ya kuzuia maambukizi. Hatukuwa tumefikiri kwamba geti linahusika na maambukizi.

Kuhusu antibayotiki ya kwanza, msimamo wangu unatofautiana kidogo na wa wodi. Kuiweka meropenemu akiba ni sahihi kwa mtoto mwenye homa anayekaa, anayeongea, mwenye presha nzuri. Kwa aliyeingia kwenye mshtuko, na aliyelala hospitalini wiki tano, naona ilipaswa kuanza yenyewe, kisha tushuke majibu yakiruhusu. Tuliokolewa na amikasini. Kama kimelea kingekuwa sugu kwa hiyo pia, na wapo wa namna hiyo, zile saa 30 zingekuwa saa 30 za kumpa maji ya rangi. Wenzangu wanasema dawa ikizoeleka itakufa kama seftriaksoni ilivyokufa. Hoja yao nzito. Tumekubaliana mshtuko uwe kigezo, basi.

Yaliyofanya kazi

Septrini. Inaonekana kitu kidogo, kidonge cha bei ya chini ambacho wazazi hukichoka. Mwaka 1977 mjini Memphis, Marekani, watoto wa saratani waligawanywa: 80 walipewa septrini na 80 dawa ya bandia. Katika wale wa dawa ya bandia 17 walipata nimonia ya Pneumocystis, fangasi anayeshambulia mapafu ya mwenye kinga dhaifu. Katika wale wa septrini, hakuna. Muongo mmoja baadaye ikaonekana siku tatu kwa wiki zinatosha. Katika yote yaliyompata Amani, mapafu yake yalibaki salama, na mapafu ndiyo yangemmaliza wakati presha iko chini.

Kukataa sindano ya msuli. Ulikuwa mstari wa saba kwenye karatasi, mama akaukumbuka saa 4 usiku mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Kwa hiyo tatizo la mstari wa 12 halikuwa mama kusahau. Hata ule aliukumbuka: alipiga simu, akatafuta huduma, akapanda basi la kwanza. Aliutii kadiri ulivyoandikwa.

Na kwa upande wetu, uamuzi wa bingwa kubadilisha dawa kwa simu ya maabara, bila kungoja karatasi yenye muhuri.

Swali langu

"Ulikuwa wapi tangu jana?" Mama hakunijibu siku ile. Wiki moja baadaye, akikunja nguo kitandani, alisema tu, "Sista, nilikuwa njiani." Nimekaa wodini miaka ya kutosha kujua swali lile linafanya nini. Mzazi aliyeulizwa hivyo mara moja, safari ijayo homa ikianza jioni atasubiri asubuhi ili aje na maelezo mazuri, au atasema imeanza leo. Tunapoteza saa halisi, tunapata saa za kutufurahisha. Sina la kujitetea zaidi ya kwamba niliogopa, na mtu mwenye hofu hutafuta wa kumshika shati.

Tulichobadilisha

Kadi mpya ina mistari minne, Kiswahili kitupu, imewekwa kwenye plastiki na mama huifunga pamoja na kadi ya kliniki: "Mtoto huyu anatibiwa kwa kemo. Homa ya 38 kwake ni dharura, hata akiwa anacheza. Malaria ikionekana, tibu malaria NA mpe antibayotiki ya mshipani sasa hivi, ndipo umsafirishe. Usimchome msuli, usimpime joto njia ya haja kubwa." Chini yake namba mbili za simu. Ile ya wodi sasa imefungwa kwa mnyororo ukutani pembeni ya soketi, jambo ambalo lilihitaji vikao viwili.

Getini mwenye kadi hapiti masjala. Faili linamfuata kitandani. Karani alilipinga hili kwa wiki mbili, kisha mjukuu wa jirani yake akaletwa wodini kwetu, na sasa yeye ndiye anayewasindikiza.

Kila familia kabla ya kuruhusiwa inaulizwa swali ambalo zamani tuliona ni la ustawi wa jamii: homa ikianza saa 8 usiku, mtatokaje? Wengine tunawasaidia kupata dereva wa bodaboda aliyekubali kuitwa usiku, wengine bahasha ya nauli isiyoguswa. Wapo ambao jibu lao ni kwamba hawatoki kabisa. Hao siku za hatari hukaa kwenye nyumba ya wazazi karibu na hospitali, nafasi ikiwepo.

Famasia inachanganya yenyewe dawa ya mikono kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, ethanoli, gliserini na haidrojeni peroksaidi, na kila kitanda kina chupa yake miguuni. Maji ya kusafishia kanula ni vichupa vya mililita 10, kimoja kwa mtoto mmoja mara moja. Vikikaribia kwisha, kwa kawaida baada ya tarehe 20, tunakata maji ya chumvi ya mililita 100 kwa mtoto mmoja kwa siku moja, jina lake juu, na jioni yanamwagwa hata yakibaki. Kumwaga kunauma. Tunamwaga.

Homa ya pili

Wiki saba baadaye Amani alipata homa nyingine, 38.2, saa 1 jioni. Mama alipiga, simu ikapokelewa. Kituo cha afya kilikuwa na tabibu yule yule. Alisoma kadi, akatupigia kuhakikisha, na saa 2:25 usiku akatundika seftriaksoni pamoja na gentamaisini. Saa moja na dakika 25. Walilala kituoni, asubuhi wakaja na basi. Kuotesha hakukuonyesha kimelea, siku ya tano akaondoka. Mlinzi ndiye aliyembeba kutoka getini.

Kwenye daftari tuliongeza safu mpya kushoto kabisa: "Homa ilianza lini, saa ngapi." Juzi nilipitia kurasa za miezi mitatu. Karibu nusu ya mistari safu hiyo iko tupu, nyingi za zamu ya usiku, muuguzi mmoja kwa vitanda 22. Mitano kati ya hiyo ina mwandiko wangu.